Jina Mniwekee

Kitengela watu hawatoi ardhi. Wanauza, wanauziana, wengine wanauziwa hewa, na kila nguzo ya stima imebandikwa namba ya simu ya mtu mwenye ploti ya haraka haraka. Kwa hivyo habari zilipofika sokoni kwamba mjane mmoja Mmaasai amelikatia Kanisa kipande kizima cha shamba lake, bure, ijengwe shule ya upili ya wavulana, watu walitazamana. Lazima kuna kitu, walisema. Wengine wakadai shamba lina kesi, wengine wakasema mama wa watu amechanganyikiwa na msiba. Kitu kweli kilikuwepo, ila hakuna aliyekibahatisha, na wa mwisho kabisa kukiona alikuwa Mwalimu Bedan Mbugua, ambaye ndiye aliyekabidhiwa mkononi tangu mwanzo.

Huyu Bedan alikuwa amestaafu na kukaa nyumbani kwake Kitengela, akifuga kuku na kumsumbua mkewe Judy. Maisha yake yote alifundisha Kiswahili, na alikuwa mtu wa kusahihisha. Akiona bango la hoteli limeandikwa vibaya, hata chai ilimshinda kunywa. Padre Mwololo wa parokia alipomwomba awe mwenyekiti wa kamati ya ujenzi, na baadaye mwalimu mkuu wa kwanza, alikubali kabla padre hajamaliza kusema. Judy alimshukuru Mungu kwa sauti, mumewe akisikia.

Msiba wenyewe kila mtu aliujua. Shule ya karibu ilikuwa ng'ambo ya korongo, na korongo lile karibu mwaka mzima ni mchanga mtupu, mbuzi wanalala humo. Lakini mvua ikinyesha kule juu, Ngong na Matasia, maji hushuka ghafla hata kama hapa chini jua linawaka. Mwaka juzi, wakati wa mafuriko, kifungua mimba wa yule mjane alikuwa anarudi nyumbani kutoka shule, sare mwilini na viatu mkononi. Aliingia korongoni pakiwa pakavu. Jina lake lilikuwa Leshan. Walimpata mbali sana kule chini, siku nyingine kabisa, na kiatu kimoja bado alikuwa amekishika. Matanga yalipokwisha, mama yake alikwenda parokiani akamwambia padre wajenge upande huu, mtoto wa mtu asivuke tena.

Kamati ilipokwenda kumshukuru, aliwakaribisha chai ya maziwa matupu. Mwanawe wa pili, Kasaine, kijana aliyeacha shule akawa ananunua na kuuza ng'ombe, alisimama mlangoni wala hakutaka kukaa. Wanakamati walimwita mjane Mama Leshan, kama walivyozoea. Majirani zake Wamaasai hawakumwita hivyo tena, na mtu mwenye masikio angelitambua hilo mara moja, lakini masikio ya Bedan yalikuwa kwenye Kiswahili cha mama mwenye nyumba. Mama alikuwa anaeleza kwamba anaogopa yale maji ya juu yatakuja kabla msingi haujachimbwa.

"Mvua, mama," Bedan alimwambia kwa upole. "Tunasema mvua."

Yule mama alimtazama, kisha akatazama chini, na neno lile hakulirudia. Bedan alidhani ameona haya.

Ndipo akamuuliza, kwa niaba ya kamati, wamfanyie nini ili ajue kwamba wameona ukubwa wa alichotoa. Mama alijifunika shuka mabegani. Kasaine kule mlangoni akageuka kutazama ng'ombe.

"Mimi sina maneno mingi, mwalimu," mama alisema. "Shule mjenge. Lakini hiyo jina ya kijana yangu, mniwekee."

Kwao Bedan, kule Murang'a alikozaliwa, aliyekufa hapotei maadamu kuna mtu wa kuitika jina lake. Mwanawe mwenyewe anaitwa Kiama kwa sababu babake Bedan aliitwa Kiama, na bibi yake mtoto, mjane wa huyo Kiama wa kwanza, alikuwa akimwita yule mjukuu mume wangu. Kiama akiwa bado anavaa nepi, bibi alimgombeza kwamba ametoka sokoni bila sukari, nyumba nzima ikacheka, na bibi naye akacheka na kupona kidogo. Hivyo ndivyo Bedan alivyojua kuwatunza waliotangulia. Unawaweka mdomoni. Kwa hivyo aliposikia mama huyu akiomba kitu ambacho hata mamake mwenyewe angeomba, aliona kwamba binadamu ni wamoja, na machozi yakamlengalenga.

"Tutakuwekea, mama," alisema. "Hiyo ni ahadi yangu mimi mwenyewe."

Mama alishusha pumzi kama mtu aliyetuliwa mzigo wa kuni. Akamshika mwalimu mikono yote miwili, akamtemea mate kidogo kiganjani kwa baraka, na wakaagana kila mmoja ametosheka na ahadi aliyoisikia.

Shule ilijengwa. Mawe yalikuja, fundi akagombana na fundi, mabati yakachelewa, na mwezi wa kwanza wavulana wa gredi ya kumi wakaingia na masanduku yao. Kulikuwa na madarasa, bweni moja refu, kanisa dogo la mabati na tangi la maji. Langoni Bedan alisimama na mchoraji tangu asubuhi mpaka rangi ikakauka. Iliandikwa Shule ya Wavulana ya Mtakatifu Tarsisio, Leshan, kwa buluu juu ya bati jeupe, na lile neno la mwisho Bedan aliagiza liwe kubwa kuliko yote. Watakatifu tayari wanajulikana, alimwambia mchoraji. Haikupita wiki na hakuna aliyemkumbuka Tarsisio. Watu wa boda boda walisema Leshan Boys, wazazi wakasema Leshan Boys.

Mama alikuja siku ileile ya bango akiwaletea mafundi maziwa. Kusoma alikuwa amejifunza ukubwani, kwenye darasa la ubatizo. Alisimama langoni, akasoma akisogeza midomo, kisha akalivuta shuka akafunika uso wake wote. Bedan alimwona kwa mbali, akamwambia Padre Mwololo kwamba mama amelia kwa furaha. Mama aliweka kibuyu chini, akarudi alikotoka, na tangu siku hiyo hakukanyaga tena pale. Maziwa alikuwa akiyatuma.

Halafu kukawa na ule wito. Shule bila wito, Bedan aliamini, ni kambi tu. Akautunga mwenyewe na kuufundisha gwarideni. Yeye anauliza, "Leshan iko wapi?" na wavulana wote wanajibu, "Iko hapa!" Mara tatu, kila asubuhi, kabla ya sala. Alijivunia hata sarufi yake, maana shule ni iko wala si yuko, na vijana wa siku hizi hawajui tofauti. Hakukumbuka kwamba huku Kajiado iko inatosha kila kitu. Duka iko, ng'ombe iko, mtu iko.

Upepo wa pale unapiga kutoka barabarani kwenda korongoni, na boma la mama liko katikati.

Kitu cha kwanza kilikuwa mwangwi. Uwanda ule ni tambarare, hauna kilima wala mwamba wa kurudisha sauti, lakini baada ya wavulana kujibu, na kimya kimeshaingia, sauti nyingine ilisikika kutoka upande wa korongo ikisema iko hapa. Ilikuwa moja tu, na ilichelewa. Bedan mwanzoni alidhani ni mtoro aliyejificha akiwadhihaki. Akawatuma viranja watafute. Walirudi wakasema hakuna mtu, na mmoja wao hakutaka kwenda tena.

Kisha bweni. Walinzi walilifunga wakati wa masomo, na likifunguliwa saa ya chakula, sakafu ilikuwa na nyayo za maji. Zilianzia mlangoni zikafika hadi kitanda cha mwisho, ambacho hakikuwa na mwenyewe, na pale zikakoma. Zilikuwa za miguu mitupu. Chini ya kile kitanda kulikuwa na mchanga mweupe, safi, wa aina ambayo kwenye udongo mweusi wa Kitengela huupati ila sehemu moja. Hapakuwa pamenyesha tangu Krismasi. Bedan aliwaadhibu wavulana wote wakapiga deki bweni zima, akabadilisha mfereji wa tangi, akaweka kufuli mpya na ufunguo akautia mfukoni mwake. Kesho yake nyayo zilikuwa pale pale. Alisimama akizitazama, akachukua kitambaa akazifuta mwenyewe kabla wavulana hawajaingia. Hakumwambia mtu, hata Judy. Padre Mwololo alikuwa amemwambia juzi tu kwamba Askofu anakuja kubariki shule, na Bedan hakutaka Askofu asikie habari za mchanga.

Na mama alianza kutembea. Bedan alimwona mara ya kwanza kutoka dirisha la ofisi, muda mfupi baada ya gwaride, shuka jekundu likipita nje ya uzio kuelekea korongoni. Alidhani anatafuta mbuzi. Akamwona kesho yake, saa ile ile, na kesho yake tena. Alikuwa anatembea haraka, jinsi mtu anavyotembea akiwa ameitwa. Alikuwa na kikombe cha maziwa mkononi, na akirudi, kikombe bado kimejaa.

Bedan alikwenda kumtembelea. Alimkuta nje ya nyumba, na moyo ukamshtuka kwa jinsi alivyokwisha. Mikono ilikuwa mifupa. Alimsalimu kwa Kimaa kidogo alichokuwa nacho, takwenya, naye akaitikia iko, kama mwanamke wa kwao anavyoitikia. Walizungumza habari za ukame, na mama akasema ng'ombe wataisha yale maji ya juu yasipokuja. Bedan, Mungu amsamehe, akafungua mdomo na kusema mvua, mama. Kasaine alikuwa anafunga ndama pembeni. Aliiacha kamba ikaanguka, akaondoka.

Mama alingoja mpaka mwanawe akatoweka nyuma ya zizi.

"Mwalimu, hao watoto kila asubuhi wanasema iko hapa," alisema. "Mimi naenda, sioni. Iko wapi?"

Bedan alicheka kidogo, maana hakujua afanye nini kingine. Akamweleza kwamba ni shule, shule ndiyo iko hapa.

"Aa," mama alisema. "Shule."

Aliitazama njia ya korongo, akaitikia kwa kichwa kwa adabu, na Bedan akarudi kazini akiwa na baridi mgongoni katikati ya jua. Alijua kwamba kuna mahali amekosea. Alijua vile unavyojua umeacha jiko linawaka, lakini kila alipojaribu kuona ni wapi, alikuta amefanya kila alichoombwa.

Siku ya Askofu ilifika mwezi wa tatu, jua kali, vumbi kila mahali. Kulikuwa na mahema na viti vya plastiki, mbuzi wamechinjwa, akina mama wa kwaya wamevaa vitenge vipya na wanagombania kivuli. Mbele kabisa kiti kimoja kilifunikwa kitambaa cheupe. Kilikuwa cha mama mwenye shamba, na kilikuwa kitupu. Askofu alikuwa njiani kutoka Kajiado. Padre Mwololo, aliyependa mambo yaende sawa, aliomba wavulana waujaribu wito kwa kipaza sauti wakati wanangoja, ili Askofu akifika usikwame.

Kiranja mkuu aliuliza kwa spika, Leshan iko wapi, na wavulana wakajibu kwa nguvu zao zote. Kimya kiliingia. Kisha ile sauti moja ikajibu kutoka korongoni, na safari hii kila mtu aliisikia. Kwaya iligeuza vichwa. Padre Mwololo alifanya ishara ya msalaba, halafu akasema kwa haraka kwamba hizi spika za kukodi zina matatizo.

Wakati huo huo Judy alimjia mumewe akiwa na simu sikioni. Dadake wa Matasia alikuwa amepiga kuwatakia sherehe njema, na kuwaambia kwamba huko kwao imenyesha tangu alfajiri kama imemwagwa kwa karai, barabara hazipitiki. Bedan alitazama upande wa Ngong. Kulikuwa kweusi. Hapa alipo hapakuwa na wingu hata moja. Akatazama kile kiti kitupu, akatoka mbio kuelekea langoni.

Alimkuta Kasaine nje ya lango, ameegemea pikipiki yake. Hapo ndipo Bedan alipogundua kwamba kijana huyu hajawahi kuvuka lango lile hata siku moja. Alimuuliza mama yuko wapi.

"Si mmemwita," Kasaine alisema. "Ameenda."

"Nani amemwita? Kasaine, niambie. Maji yanakuja."

Kasaine alimtazama mwalimu kana kwamba anapima kama huyu mtu ni mjinga au ni mkatili, na nadhani ni pale pale alipoamua ni mjinga.

"Mwalimu, kwetu mtu akienda, anaenda na jina yake. Hatuisemi tena. Ukiisema ni kama unamwita, na yeye anasikia, anakuja, lakini hana mahali ya kuingia. Yeyo, mama yangu, alikuambia uiweke."

"Na nimeiweka," Bedan alisema. "Iko hapo juu, kila mtu anaiona."

"Kuweka," Kasaine alisema taratibu. "Kama vile unaweka kitu kwa sanduku, unafunga. Mniwekee. Isiguswe."

Bedan alisimama pale na kile kitenzi. Alikuwa amekifundisha miaka na miaka, mizizi yake na viambishi vyake. Niwekee pesa zangu, nitakuja kuzichukua. Niwekee chakula. Niwekee siri. Aliona aibu iliyoanzia miguuni ikampanda mpaka masikioni, na huzuni ikaifuata nyuma yake, kwa sababu mara moja alikumbuka zile asubuhi zote. Alikuwa amekusanya shule nzima, kila siku ya Mungu, akauliza mtoto wa huyu mama yuko wapi, na kuwafundisha watoto wa watu kujibu kwamba yuko hapa.

Aliuliza kwa nini hakuna aliyemwambia. Kasaine akaeleza, huku tayari anawasha pikipiki, kwamba mamake alimkataza. Aliogopa akilalamika wataudhika na shule isimame, na watoto waanze tena kuvuka. Kisha akasema la mwisho, kwa shida, akizunguka neno lenyewe kama mtu anayezunguka nyoka. Jina la nduguye lilitokana na kile kinachoanguka kutoka mbinguni, kwa sababu alizaliwa siku kilipokuwa kikianguka. Jina la mama mwenyewe, Nalotuesha, lilitokana na hicho hicho. Walipomzika ndugu, waliyaweka yote mawili pamoja na neno lililoyazaa, kwa lugha yoyote ile. Nyumbani kwao hakuna anayelisema. Wanasema maji ya juu. Mama yake sasa hana jina. Lile la mama, hata leo kwa ajili ya mgeni, Kasaine alilitamka huku amefumba macho.

Korongo lina njia mbili, ile ya juu kijana alipoingia na ile ya chini alipopatikana, na Kasaine hakujua siku hiyo mama amekwenda ipi. Yeye alichukua ya chini kwa pikipiki. Bedan alichukua ya juu kwa miguu, akiwa na suti aliyomvalia Askofu na viatu vilivyopigwa rangi, akikimbia kama hajawahi kustaafu.

Alimkuta. Alikuwa amekaa katikati ya mchanga, ametazama huko maji yanakotokea, kikombe cha maziwa kimesimama mbele yake. Ukingo ulikuwa mrefu na Bedan pumzi zilikuwa zimemwisha. Nyuma yake, kule shuleni, hakuna aliyejua chochote, na upepo ukaleta kipaza sauti, Leshan iko wapi, na wavulana wakajibu. Mama aliinua kichwa akanyoosha mikono mbele. Na kutoka juu, kwenye kona ya korongo, Bedan alisikia ngurumo kama ya lori linalomwaga kokoto, na safari hii haukuwa mwangwi.

Alifungua mdomo kumwita. Mama Le, alianza, na neno likamganda kinywani. Angeliita hilo, mama angedhani mwanawe ndiye anaitwa, na angegeukia maji. Akalitafuta lile jina lake mwenyewe, na hilo nalo lilikuwa limefungwa sandukuni pamoja na la mwanawe. Mwalimu mzima wa lugha alisimama juu ya ukingo bila neno lolote la kumwitia mtu anayekufa. Akatafuta kila mahali kichwani, na mwisho akapata neno moja tu ambalo lilikuwa salama, na ambalo hakuwa na haki nalo.

"Yeyo!" aliita.

Mama aligeuka. Bedan hatasahau ule uso. Ulikuwa umewaka wote, uso wa mama aliyesikia mlango ukifunguliwa, na alikuja akikimbia, shuka limemwanguka, akaparamia ukingo kwa mikono na magoti. Bedan alilala kifudifudi akamshika kifundo cha mkono na kuvuta. Maji yalipita chini yao yakiwa ya kahawia, mazito, yamebeba mti mzima wa mgunga na mizizi yake. Kikombe kilikwenda. Mchanga wote ulikwenda.

Walikaa chini kwenye nyasi kavu wakihema. Mama alimtazama mwalimu, akaona ni mwalimu tu, na ile nuru ikatoka usoni polepole. Bedan alitamani ardhi immeze.

"Ni wewe umeita?" mama aliuliza.

"Ni mimi. Nisamehe."

"Umeita mara ngapi?"

"Mara moja."

Mama alitazama maji yakipita.

"Mimi nimesikia mbili," alisema. "Ya kwanza ilitoka huko chini, ilikuwa inanifukuza. Inasema yeyo, toka, toka. Ya pili ndiyo yako. Hiyo ndiyo ilinionyesha njia ni gani."

Bedan hakusahihisha kitu. Alivua koti lake akamfunika mabegani, na alipokuwa anamfunika alianza kulia, naye hakujificha. Mama alimngoja amalize. Kasaine aliwakuta wamekaa hivyo.

Askofu alifika akakuta lango limezibwa. Katikati ya njia palikuwa na kiti cha plastiki, na juu ya kiti mwalimu mkuu, hana koti, suruali imejaa vumbi, ana brashi na kopo la rangi nyeupe iliyobaki kwenye ujenzi, anafuta lile neno kubwa. Dereva alipiga honi mara moja akaacha. Padre Mwololo alikuja mbio akauliza kwa kunong'ona mwalimu anafanya nini mbele ya Askofu.

"Naweka jina," Bedan alisema, akaendelea kupaka.

Alipaka mpaka hata alama ya herufi ikapotea, akabaki Tarsisio peke yake. Kisha akashuka, akawaendea wavulana waliokuwa wamepanga mistari, akawaambia kwamba wito umekwisha, hautasemwa tena hapa wala nyumbani, na akiulizwa sababu ataieleza kesho. Watu wote walisikiliza upande wa korongo bila kuambiwa. Palisikika maji tu, na hayo nayo yalikuwa yakipungua.

Ndipo mama alipoingia langoni, koti la mwalimu bado begani, mwanawe nyuma yake. Alisimama chini ya bango akasoma, akisogeza midomo. Bedan alimwendea.

"Takwenya," alisema.

"Iko," mama aliitikia. Halafu akaongeza kwa sauti ndogo, "Sasa umeniwekea."

Alikwenda akakaa kwenye kiti chenye kitambaa cheupe. Lile wingu la Ngong lilikuwa limesogea bila mtu kuliona, na tone la kwanza lilidondoka juu ya bati, kisha la pili, kubwa, likanukisha vumbi. Kwaya ilianza kukunja vitenge ili visilowe. Wavulana walimtazama mwalimu mkuu wao, yule wa Kiswahili, wakingoja aseme.

"Ingieni kanisani," Bedan aliwaambia. "Maji ya juu yanakuja."

Mmoja wao alicheka. Mwalimu hakucheka, na mama, kule mbele, aliinamisha kichwa.